Kamera Nyepesi Niliyopanda Nayo Kinole

Haipiti wiki kwenye kundi letu la WhatsApp la wapiga picha wa Morogoro bila kijana mmoja kuniandikia: "Shikamoo Bi Tatu, eti kamera gani kali kwa sasa?" Anauliza hivyo hivyo, kavu. Hasemi anapiga nini, anampiga nani, anapigia wapi. Ni kama mtu aingie duka la viatu aseme nipe kizuri, halafu akae kimya. Nimestaafu miezi mitatu sasa. Nilidhani hasira ningeziacha studio, zining'inie kwenye msumari pamoja na koti la kazi. Wapi! Nimekuja nazo mpaka nyumbani.

Basi leo nawajibu mara moja, na nawajibu kwa kirefu. Asiyetaka kusoma aende akaangalie hao watu wa mitandaoni wanaofungua maboksi ya kamera huku wanapiga kelele. Mimi sina boksi la kufungua. Nina jambo moja linaloniuma: nilimharibia mwanamke wa kule milimani Kinole uso wa mama yake, kwenye picha pekee aliyowahi kuwa nayo, na mama mwenyewe sasa hayupo. Siku ile nilikuwa na kamera mbili za kuchagua. Nikachagua ile mnayoiita kali.

Lakini nianze mwanzo, maana mmezoea kurukia mwisho.

Niliingia kazini nikiwa binti wa miaka ishirini na mmoja, studio moja ya mjini, jirani na soko. Mwenye studio hakunichukua kwa sababu najua picha. Alinichukua kwa sababu ni mwanamke. Shughuli za ndani zilikuwa zinampita: kumtoa mwali, kumpamba bi harusi, wanawake wanapocheza wenyewe kwa wenyewe. Huko mwanaume mwenye kamera akichungulia tu anatoka na mchi wa kichwa. Kwa hiyo nikaajiriwa kwa ajili ya milango ambayo wenzangu walifungiwa. Sikuona vibaya. Wapo waliopata kazi kwa sababu mbaya zaidi.

Fundi wangu alikuwa Mzee Gervas, Mluguru wa Mgeta, Mkatoliki wa kusali kila asubuhi na kutukana kila mchana. Siku ya kwanza sikugusa kamera. Alinipa kitambaa laini na sanduku la lenzi, akasema, "Tafuta zenye ukungu."

"Ukungu gani, mzee?"

"Ule unaoota kwenye mkate. Unadhani unapenda mkate tu?"

Kweli, nilipoinua lenzi moja kwenye mwanga nikaona nyuzi nyeupe zimetambaa ndani ya kioo, kama buibui mdogo kahamia humo. Unyevu unaoshuka milimani hapa kwetu unakula lenzi kuliko mchwa wanavyokula mlango. Mzee Gervas aliweka zake kwenye kabati la mbao lenye balbu moja ndogo chini, inawaka usiku na mchana. Kuna mwenzetu aliwahi kuizima akidhani anabana umeme. Hakuwepo kazini kesho yake. Nyie leo mna vifaa mnavyojisifia navyo mpaka mnakera, halafu mnavitupa kwenye begi lililolowa na mnalala. Mkiamka mnauliza mbona picha zina ukungu.

Kanuni yake nyingine ilikuja baadaye, kamera za dijitali zilipoingia. Zile za mwanzo zilikuwa kichekesho. Unabonyeza, kamera inafikiri, inafikiri tena, bi harusi ameshapepesa macho, ameshageuka, ameshaanza kulia. Mzee Gervas alicheka mpaka akakaa chini. Lakini zilipokuja zile kubwa zenye kioo ndani, hizo mnazoziita DSLR, akanyamaza. Studio ilipata moja nzito yenye nafasi mbili za memori kadi. Niliipa jina Mama Mkwe, kwa sababu ilikuwa nzito shingoni na haikusamehe kosa lolote. Mzee Gervas aliipanga mwenyewe: kadi ya kwanza inahifadhi RAW, lile faili ghafi ambalo kamera haijalitia mkono, na kadi ya pili inahifadhi picha ya kawaida. Akanishika bega, akasema, "Tatu, kadi haifutwi mpaka mwenye picha ameishika picha yake mkononi. Sijasema mpaka umemtumia. Nimesema ameishika."

Nilimwitikia. Nikaishika kanuni hiyo miaka na miaka, hata baada ya yeye kurudi Mgeta kulima kabichi, mpaka siku moja nilipoiacha.

Sasa nyie na kamera zenu. Wewe wa paspoti na picha za wanafunzi, kamera yoyote iliyotoka miaka kumi hii inakutosha na kubaki. Nunua taa mbili na kitambaa cheupe, ukipige pasi. Juzi nimepita kibanda kimoja Kihonda, kijana ana kamera ya kupigia filamu, lenzi kama kopo la rangi ya nyumba, halafu nyuma ya mteja katundika shuka ya bluu yenye maua. Paspoti! Nilitaka kumzaba kibao, nikakumbuka mimi ni mstaafu. Akaniambia, "Bi mkubwa, hii mashine ina megapikseli kinoma." Megapikseli za kuonyesha maua ya shuka.

Harusi ni habari nyingine. Kamera yenye kioo ndani inapiga kelele, maana kile kioo kinaruka na kurudi kila ukibonyeza. Niliwahi kusimama mlango wa wanawake kwenye ndoa moja, shehe anamwozesha bwana harusi, pamenyamaza kabisa, nami nikabonyeza mara tatu mfululizo. Shehe akasimama katikati ya maneno. Akasema, "Huyo anayevunja njugu naomba aende jikoni." Watu walicheka, mimi nikatamani ardhi inimeze. Hizi mpya zisizo na kioo, mirrorless, hazitoi hata mchakacho, hapo nazipa heshima yake. Zinaona gizani, zinakamata jicho la mtu zenyewe. Lakini zinakula betri kama mtoto anavyokula pipi, na nyingi za bei ya chini zina nafasi moja tu ya kadi. Harusi kwa kadi moja ni kuchezea ndoa ya watu. Kadi ikifa huwezi kuwaambia waoane tena. Na nyie mnaorekodi video kwenye kumbi za mabati, mkaona kamera imezima yenyewe kwa joto wakati wa kukata keki, msinipigie simu. Someni kwanza kabla hamjanunua.

Wanaopanda msituni kupiga ndege na vyura, watafiti na wageni wao, hao wanataka kitu kilichozibwa vizuri kila tundu, maana mvua ya Uluguru haitoki juu peke yake, inakuja pande zote mpaka kutoka chini. Kwao uzito ni suala, lenzi ndefu ni suala, kamera kuwaka haraka ni suala. Na mama anayeuza karoti na vitunguu, anayetaka mteja wa Dar aone mzigo kabla haujapakiwa, simu yake inamtosha. Akae karibu na dirisha, afute kioo cha simu kwa kanga. Ukimuuzia huyo kamera kubwa wewe ni mwizi, na nakuita mwizi hapa hapa mbele ya kundi zima.

Mnaona? Swali si kamera gani. Lakini nilisahau hilo mimi mwenyewe, na ndiyo maana naandika.

Miaka yangu ya mwisho studio ilipata kamera mpya ya mirrorless, ndogo, unaisahau mkononi. Aliyeisimamia alikuwa Ramadhani, tunamwita Rama, kijana wa miaka thelathini na kitu, fundi mzuri wa kompyuta, mdomo wake unaongoza mbele na akili inafuata. Alikuja nayo akiwa anachekacheka.

"Bi Tatu, weka pembeni hilo tofali lako. Angalia hii. Inakamata jicho yenyewe, inalainisha ngozi yenyewe, mteja akitoka hapa hajijui."

"Sasa akitoka hajijui, umempiga picha nani?"

"Ah, Bi Tatu! Wateja ndio wanataka."

Na hapo alisema kweli, mjue. Mjini watu wanataka kuoshwa. Mtu mzima ana mikunjo aliyoifanyia kazi miaka hamsini, anakuja anasema, "Nifute hapa, nifute na hapa, nifanye mweupe kidogo." Tukizileta picha jinsi zilivyo, zinarudishwa. Kwa hiyo tukaiacha ile kamera imewekwa kulainisha, kiwango cha juu, haizimwi. Kwenye kompyuta Rama akaweka programu inayosafisha folda nzima ya nyuso kwa mkupuo mmoja na kuhifadhi juu ya faili lile lile la mwanzo, ili diski isijae. Kadi ni moja, na kila Jumatatu asubuhi inafutwa kwa ajili ya kazi za wiki. Picha zinatoka laini, watu wamefanana wote kama wametoka tumbo moja. Wateja wakafurahi. Nami nikanyamaza. Nilikuwa nimechoka kubishana na magoti yalikuwa yananiuma. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine, na siyo nzuri.

Sasa Kinole.

Hadija ni mwanamke wa Kinole, umri wangu kasoro miaka kumi, anashusha ndizi, mdalasini na pilipili manga sokoni mjini. Tulijuana kwa sababu nanunua kwake na yeye hanipunji. Asubuhi moja alinivuta pembeni.

"Dada Tatu, nina shida. Mama yangu sina picha yake hata moja."

"Hata ya kitambulisho?"

"Kitambulisho cha taifa hakwenda, miguu haikumbeba. Kadi ya kura ililiwa na mchwa. Tukitoa simu anajiziba kanga. Anasema simu inachungulia watu. Lakini nimemwambia kuna mwanamke mwenzake ana kamera ya kazi, kakubali. Nimeshangaa. Ila ni mara moja tu, kasema."

Halafu akaniambia kitu ambacho nyie Waluguru mnakijua na wengine mkisikie. Kwao ukoo unafuata mama. Shamba linafuata mama, jina linafuata mama. Bibi Zena, mama yake, ndiye alikuwa mkongwe wa mwisho wa nyumba ile. "Wajukuu zangu wakiuliza sisi tumetoka kwa nani, nataka niwaonyeshe," akasema Hadija. Hakuwa anataka picha ya kupendeza. Alitaka ushahidi.

Jumapili ile nilisimama mbele ya kabati, Mama Mkwe kushoto na ile nyepesi kulia. Nilijua njia: gari mpaka Mkuyuni, bodaboda kupandisha, na kipande cha mwisho kwa miguu kwenye ngazi za udongo kati ya migomba na mifenesi. Nikayafikiria magoti yangu. Nikachukua ile nyepesi. Nilijiambia ni picha moja tu ya ajuza mmoja, itakuwa na ugumu gani.

Bibi Zena alikuwa amekaa kwenye kigoda kibarazani, magome ya mdalasini yameanikwa kwenye mkeka pembeni yake, mahali pote pananukia. Alikuwa mdogo wa mwili, jicho moja kope imelala kidogo, na shavuni ana kovu refu. Nilimpa shikamoo, akaipokea, akanishika mkono na hakuuachia. Akanieleza kovu lile bila kuulizwa. Alikuwa na mimba ya Hadija, anamenya mdalasini, kisu kikateleza kwenye gome bichi kikaruka usoni. Damu ilijaa kwenye kanga mbili. Mumewe akamwambia kaharibika sura. "Nikamwambia ukitaka nzuri nenda katafute, mimi nina kazi," akasema, akacheka, meno matatu.

Na mimi nilikuwa nafanya nini wakati anasimulia? Niseme ukweli, maana huu ndio moyo wa barua yote. Nilikuwa naangalia kile kiboksi cha kijani. Ile kamera inachora kiboksi juu ya jicho la mtu, na kikitulia ujue picha itatoka kali. Kilikuwa kinarukaruka kwa sababu ya ile kope iliyolala. Nikawa nahangaika nacho, nageuza hiki, nabonyeza kile, naitikia "ehee bibi, ehee bibi." Kikatulia. Nikabonyeza mara nyingi kama mtu anayepura mpunga.

"Nitoe nilivyo, mwanangu," akasema. "Wasije wakanisahau."

"Usiwe na wasiwasi, bibi."

Nikamwonyesha kioo kidogo cha nyuma ya kamera. Jua kali, miwani yangu nimeisahau studio, na yeye haoni vizuri. Sisi wawili tukatazama kitu ambacho hakuna aliyekiona, akasema, "Alhamdulillah." Hadija alikuwa jikoni anatupikia.

Jumatatu picha zikaingia kwenye kompyuta pamoja na za harusi ya Jumamosi, folda moja. Programu ikapita. Rama akafuta kadi kama kawaida. Mimi nilikuwa nakunywa chai mita mbili kutoka pale, nikamwona anaifuta, na sikusema neno. Hadija alikuwa hajashika picha mkononi. Hata hajaiona. Tulipanga aje aichukue akishuka na mzigo, mzigo ukachelewa kwa ajili ya mvua, njia ikakatika, wiki zikapita. Halafu nikasikia sokoni kwamba Bibi Zena amefariki.

Hadija alikuja akiwa bado na kanga ya msiba mabegani. Arobaini ilikuwa imekaribia na ukoo wote ungekuwepo. Alitaka picha kubwa, ya fremu, ya kutundika sebuleni. Rama alikuwa ameichapa tayari, ameifunga kwa karatasi ya kaki, kaweka na utepe. Hadija akafungua taratibu. Akatazama. Akaigeuza nyuma, labda kuna nyingine. Akaigeuza tena.

"Huyu nani?"

Nilidhani Rama kachanganya fremu. Nikaja, nikavaa miwani. Alikuwa Bibi Zena na hakuwa yeye. Mwanamke wa rangi ya chai ya maziwa, macho yote mawili yamefunguka sawasawa, ngozi kama ya maputo. Mikunjo hakuna. Kovu hakuna.

"Dada Tatu, mama yangu yuko wapi?"

"Hadija..."

"Mama yangu alikuwa mweusi. Mama yangu alikuwa na kovu, alilipata nikiwa tumboni. Huyu mmemtoa wapi?"

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Nilimwambia akae, tutatafuta ya mwanzo. Rama akaanza kupekua, akatumia programu ya kufufua vilivyofutwa. Kadi ilikuwa imeshaandikwa juu wiki baada ya wiki. Alifufua nusu ya keki ya harusi na miguu ya mtu. Tungekuwa na Mama Mkwe siku ile, RAW ingekuwa imelala kwenye kadi ya kwanza, nyeusi, yenye kovu, imetulia inasubiri. Nilijua hilo nikiwa nimesimama pale.

Ndipo Rama akafungua mdomo. "Msijali, inawezekana kabisa. Siku hizi unaiambia tu kompyuta iweke kovu, inaweka. Dada, kovu lilikuwaje, refu au la mviringo? Nina picha za makovu mengi humu, tunachagua linalofanana."

Nilipiga meza kwa kiganja mpaka kikombe kikaanguka. "We Rama! Unamchagulia mama wa watu kovu kama kitenge? La nani hilo utakalomwekea? La mlevi gani uliyemtoa mtandaoni?" Nilimtukana matusi ambayo sijayatumia tangu Mzee Gervas aondoke, mengine nilikuwa sijui kama ninayo. Rama akarudi nyuma hadi ukutani. "Bi Tatu, nilikuwa nasaidia," akasema. Na kweli alikuwa anasaidia, masikini. Nilikuwa namtukana yeye kwa sababu siwezi kujitukana mwenyewe mbele ya mteja.

Hadija aliifunga picha kwa karatasi ile ile ya kaki. Utepe akauacha mezani. "Ukoo unakuja," akasema. "Siwezi kuwaonyesha ukuta mtupu." Akaondoka nayo.

Mwisho wa mwezi ule nilipeleka funguo za kabati kwa mwenye studio. Umri ulikuwa umefika, hakuna aliyeshangaa, wakanifanyia sherehe ndogo yenye soda na pilau, Rama akapiga picha. Nilimwambia azime kulainisha. Akazima. Kwenye picha ile nimetoka mzee, nimechoka na nina hasira, basi hiyo nimeiweka.

Mmoja wenu, aliyeisikia habari hii sokoni, aliniandikia juzi kwamba kosa ni la kamera, na kwamba matoleo mapya yana kitufe cha kuhifadhi faili la mwanzo. Mwanangu, hata ile ilikuwa nacho. Kipo ukurasa wa tatu wa menyu. Nilikuwa sijawahi kufika ukurasa wa tatu.

Baada ya arobaini nilipanda Kinole. Sikuitwa. Sikubeba kamera yoyote, nilibeba sukari na sabuni kama mtu anayekwenda kwenye msiba, maana kwangu bado ulikuwa msiba. Magoti yaliniuma kila ngazi na nikayaacha yaume. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi njia nzima. Nilipofika Hadija alikuwa anafagia uwanja. Alinikaribisha, akanipa maji, akapokea mzigo. Heshima yote ilikuwepo, ila lile neno dada halikuwepo tena. Aliniita Bi Tatu.

Picha ilikuwa sebuleni, juu ya mlango wa chumba alicholala mama yake. Yule mwanamke wa rangi ya chai ananitazama kwa macho yake mawili mazima. Nikaanza maneno yangu. Hadija akaninyooshea kiganja nisiendelee.

"Siku ya arobaini watu walikuja," akasema. "Shangazi wa Mkuyuni akauliza, huyu Mhindi ni nani? Watoto wakacheka. Basi nikachukua wanja nikapanda juu ya kiti, nikamchora kovu lake pale pale kwenye kioo. Wakubwa wakasogea karibu. Mmoja akasema, eeh, ndiye."

"Mbona silioni?"

"Wanja haukai kwenye kioo. Vumbi likijaa nafuta na lenyewe linatoka. Nafuta, halafu namchora upya. Leo nimefuta asubuhi, sijachora." Akaenda chumbani, akarudi na kichupa cha wanja na kijiti chake. Akavuta kiti akakisogeza chini ya picha. Akanipa kijiti. "Nyie ndio mlilifuta. Panda, mrudishie."

Nilipanda. Hadija alinishikia kiti kisitikisike. Nilichovya kijiti, nikainua mkono mpaka kwenye kioo, usawa wa uso, na hapo mkono ukasimama. Nikatazama shavu hili. Nikatazama lile. Yote mawili yalikuwa laini. Nilikuwa nimekaa na yule mama kibarazani hatua mbili kutoka usoni pake, kanishika mkono, kanisimulia kisu kilivyoruka na damu ilivyojaa kwenye kanga mbili. Nikatafuta kichwani mwangu, nikapata kiboksi cha kijani kinarukaruka, basi. Wanja ukadondoka tone moja kwenye fremu.

"Hadija," nikasema, bila kugeuka. "Lilikuwa upande gani?"

Nilipogeuka nikamkuta ameinua kichwa ananitazama usoni, na alinitazama muda mrefu kuliko mimi nilivyomtazama mama yake.